Mwanafunzi kaniuliza jina la yule askari wa Posta, nikakosa jibu

MwalimuWaUbungo

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, darasa la sita, huku Ubungo. Wiki mbili zilizopita tulipeleka watoto 43 Makumbusho ya Taifa. Tulishuka mwendokasi Posta ya Zamani, tukapandisha na Azikiwe kwa miguu, wawili wawili wameshikana mikono, mimi mbele, mwenzangu nyuma anahesabu vichwa. Tulipofika kwenye mzunguko wa Askari, penye ile sanamu ya shaba, nikawasimamisha kivulini wanywe maji. Sikuwa na somo lolote pale, jua lilikuwa kali tu.

Kabinti kamoja, ambako darasani hata ukikaita jina kanajibu kwa kunong'ona, kakanyoosha kidole.

"Mwalimu, yule anaitwa nani?"

"Askari."

"Hiyo si kazi yake? Jina lake nani?"

Nikamwambia hana jina, amewekwa kwa niaba ya askari wote waliokufa Vita Kuu ya Kwanza. Kakanywa maji yake, kakafikiri, kakasema: "Sasa kama hana jina, watu wao watamjuaje?"

Wenzangu, nina miaka 19 Dar. Pale nimepanga miadi, nimesubiria mtu akachelewa saa nzima. Sijawahi hata siku moja kuvuka barabara nikasoma kilichoandikwa. Siku hiyo tukavuka, foleni ikatupisha. Maneno yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Kijana wangu mmoja wa madrasa akaanza kuyafuata yale ya Kiarabu kwa kidole, huku wenzake wanamsubiri kama vile anasoma barua ya mirathi. Maana yake kwa kifupi: ni kumbukumbu ya askari wa Kiafrika waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha inamalizia kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Jina lako! Nimelizunguka lile jiwe pande zote nne. Jina la mtu mweusi hata moja hamna.

Hapo ndipo pameniuma, na nitasema kwa nini. Mjomba wake bibi yangu mzaa mama alichukuliwa upagazi kule Matombo, Uluguru. Bibi alikuwa anasema hivi: "alichukuliwa kariakoo." Walikuja usiku. Hakuwahi kutuambia ni Mjerumani au Mwingereza, kwake wote walikuwa Wazungu wa vita. Mwaka 1916 majeshi yote mawili yalipita Uluguru, kwa hiyo huenda alibeba mzigo wa huyu mwezi huu na wa yule mwezi unaofuata. Hakurudi. Kaburi hatulijui. Lakini jina lake lipo, analo mdogo wangu wa kiume, alirithishwa siku ya kutolewa nje. Kwetu ujombani ndiko kwenye ukoo, huwezi kuacha jina la mjomba lipotee.

Darasani kesho yake wakabishana. Mvulana mmoja: ing'olewe, awekwe Nyerere. Msichana mwingine, baba yake ni Mnyamwezi wa Tabora, akasema babu wa babu yake alikuwa askari wa Mjerumani, je, na yeye yumo kwenye ile sanamu? Sikuwa na jibu. Nimewapa kazi: kila mmoja aandike kadi ya maneno yasiyozidi 20 ambayo angeibandika pale chini.

Naombeni msaada kabla sijaanza kusahihisha. Yule ni nani hasa? Na mnamwona ni wetu au ni wa Mwingereza?

---

MzeeWaGerezani

Mwalimu, marahaba, najua ungeniamkia.

Nimezaliwa Gerezani, baba yangu alikuwa fundi wa reli. Sisi hatukuwa tunasema "Askari Monument". Tulikuwa tunasema Bismini. "Tukutane Bismini saa kumi." Jina limetoka wapi? Wapo wanaosema ni Bismarck, chansela wa Ujerumani, aliyevunjikia mdomoni mwa Wazaramo, wapo wanaosema ni Wissmann, afisa wa Kijerumani. Mimi sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila ona mchezo wa lugha: Mjerumani kaondoka, sanamu ni ya Mwingereza, na watu bado wanaipa jina la Kijerumani.

Huyo Wissmann alikuwa na sanamu yake humu mjini, ilizinduliwa 1909. Ndiye aliyeletwa 1889 kuja kuzima vita vya Abushiri wa Pangani, na Abushiri akanyongwa hukohuko Pangani Desemba mwaka huohuo. Chini ya miguu ya Wissmann Wajerumani walimchonga askari mweusi anamwangalia bwana wake kwa juu. Mwingereza alipouteka mji Septemba 1916, sanamu za Wajerumani zikaondoka. Huyu wa sasa akasimamishwa 1927. Aliyemchonga anaitwa James Alexander Stevenson, akamwagwa kwa shaba London, na kabla hajapanda meli wakamweka kwanza kwenye maonyesho ya chuo chao cha sanaa wakamsifu. Maneno uliyosoma aliyatunga Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza. Basi fikiria: mchongaji wa kwao, shaba ya kwao, maneno ya kwao, sisi tumetoa maiti.

Hata hivyo mimi simchukii. Angalau huyu amesimama peke yake, hamwangalii mtu kwa juu. Bayoneti yake imeelekea bandarini, walikokuja wote.

Kuhusu mjomba wenu, mnara wake mimi naujua na wewe unaujua. Carrier Corps, jeshi la wapagazi, kambi yao ilikuwa pale tunapopaita Kariakoo. Kila konda anayeita "Kariakoo, Kariakoo" anawataja bila kujua. Hakuna shaba inayoshinda hiyo.

---

MtiniSongea

Mzee heshima yako, lakini nyinyi watu wa Dar mnaona sanamu. Sisi wa kusini tunaona bunduki.

Maji Maji, 1905 mpaka 1907, nani alichoma maghala ya Wangoni na Wamatumbi mpaka watu wakala mizizi? Maafisa Wajerumani walikuwa wachache. Mkono ulioshika kiberiti ulikuwa wa askari mweusi kama huyo wenu. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa watu 67 hapa Songea. Walinyongwa mbele ya nani? Walisindikizwa na nani kwenye kamba?

Nenda Makumbusho ya Maji Maji uone tofauti. Pale wazee wana sura zao na majina yao, unaweza kumwambia mwanao "huyu ni fulani wa ukoo fulani". Kila Februari tunakusanyika. Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja Novemba 2023 akasimama hapa akaomba radhi, na familia ya Nduna Songea Mbano, jemadari wa Wangoni aliyenyongwa, mpaka leo inaulizia kichwa cha mzee wao, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Hivyo ndivyo ukumbusho unavyotakiwa kuwa, una mwenyewe na una madai.

Mimi kadi yangu ningeandika: "Huyu alitumwa." Maneno mawili tu.

---

MwalimuWaUbungo

@MtiniSongea kadi yako nimeinakili kwenye daftari langu, sikutanii.

Ila huyu wa Posta amevaa sare ya Mwingereza, ya vita vya 1914 mpaka 1918. Waliochoma maghala walikuwa wa Mjerumani. Nikiwaambia watoto ni yuleyule nitakuwa nimewadanganya, au siyo?

---

FailiLaZamani

Mwalimu, hujakosea, lakini na Songea hajakosea sana.

Mwaka 1917 Waingereza walichukua askari wa Mjerumani waliowateka wakaunda nao kikosi cha sita cha King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari wa Kiafrika. Mtu alibadilisha kofia na amri, kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza, bunduki akaendelea nayo. Kikosi hichohicho ndicho kilichobaki kuwa jeshi la Tanganyika, kikaitwa Tanganyika Rifles baada ya uhuru, kikaasi Januari 1964, kikavunjwa, na JWTZ ikaundwa upya. Kwa hiyo yule binti wa Kinyamwezi mwambie inawezekana kabisa babu yake yumo. Inawezekana pia hayumo. Na kumbukeni askari wa kwanza kabisa wa Wissmann hata hawakuwa wa hapa, wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri. Ukianza kuuliza "ni wetu?" lazima uulize kwanza "sisi" ni kina nani mwaka 1889, wakati Tanganyika haina hata jina.

Sasa kuhusu majina, maana hapo ndipo mtoto amegonga penyewe. Pita makaburi ya vita yaliyo njia ya Bagamoyo. Mistari ya mawe, majina, vyeo, tarehe. Kwa askari na wapagazi wa Kiafrika tume ya makaburi ya Waingereza ilichagua njia nyingine: sanamu ya jumla Dar, nyingine Mombasa, nyingine Nairobi, basi. Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa popote. Waziri wao wa ulinzi aliomba radhi bungeni. Kwa hiyo yule askari hakuwekwa pale juu ya majina. Aliwekwa badala ya majina. Ndiyo kazi yake tangu 1927.

Na isisemwe kwamba haiwezekani. Cape Town, Januari 2025, wamefungua ukumbusho wa vibarua weusi wa vita hiyohiyo, nguzo za mbao zaidi ya 1,700, kila nguzo jina la mtu.

Jambo la mwisho: wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, njaa na unga waliopewa bila muda wala sufuria ya kuupikia vizuri. Sanamu imeshika bayoneti, nadhani wengi wa wanaokumbukwa hawakuwahi kuishika.

---

kijana_wa_shaba

Iuzwe chuma chakavu tujue moja 😂

---

MzeeWaGerezani

Wewe ndiye wale wanaoiba mifuniko ya mitaro. Ni shaba, si chuma.

---

WanguiTomMboya

Mwalimu habari, mimi niko Nairobi na hii mada imenifanya nishuke matatu stage moja mapema nikaangalie wetu vizuri.

Sisi tuko na watatu, Kenyatta Avenue, wa 1928, mchongaji ni huyo huyo wenu. Mmoja ni askari wa KAR, mmoja wa Arab Rifles, na mmoja ni mpagazi. Huyo mpagazi hana bunduki. Anasimama tu hapo na wengine kana kwamba ni mwenzao. Sijui kama alilipwa kama mwenzao, hiyo ni story ingine. Lakini ukiniuliza yupi ni wetu, ni huyo. Guka (babu) yangu alikuwa anasema nyumbani kwao walitoa kijana mmoja Kariokor, na hadi leo Kariokor ni mahali tunaenda kula nyama na kununua vyondo.

Barabara hiyo yenyewe ilikuwa inaitwa Delamere Avenue na bwana Delamere, yule mlowezi Mwingereza, alikuwa na sanamu hapo. Uhuru ikikuja akatolewa, akapelekwa shambani kwao. Sanamu ya Queen Victoria ya bustani ya Jeevanjee nayo ilivunjwa 2015. Kimathi wa Mau Mau akaletwa 2007, ako na jina lake na bunduki yake, watu wanapiga picha naye. Lakini hao watatu hakuna mtu huwagusa. Watu wanaegemea hapo wakingoja wenzao. Nafikiri ni kwa sababu ukiwaangalia unaona sura ya mtu wa kwenu, hata kama hujui alikuwa anapigania nini.

Swali langu kwa Songea: mtu aliyeshikwa usiku akabebeshwa mzigo, huyo naye alitumwa?

---

MtiniSongea

@WanguiTomMboya hapana. Huyo alitekwa. Umenipata hapo. Lakini basi atenganishwe. Msimweke mtekaji juu ya jiwe na mtekwa ubavuni mwa jiwe, mkaita wote mashujaa.

---

MtangaHamburg

Dada mwalimu, mimi ni Mtanga, niko Hamburg mwaka wa 14, nauguza wazee. Nakuandikia kwa sababu yule Wissmann mliyemtoa Dar alikuja kuishi huku kwangu.

Mwaka 1922 walimsimamisha mbele ya chuo kikuu, na askari wake chini vilevile, bado anaangalia juu. Wanafunzi walimwangusha 1967, akarudishwa. Wakamwangusha tena 1968, hakurudishwa, akaenda stoo. Halafu 2004 msanii mmoja, Jokinen, akamtoa stoo akamweka bandarini kwa miezi 14, akawaacha watu wabishane kwa intaneti afanywe nini. Hakumsafisha. Alimweka jinsi alivyoangushwa, na majeraha yake. Wakati huo sikuwepo, nimesimuliwa na mgonjwa wangu mmoja mzee ambaye ujanani alikuwa mwanafunzi wa chuo, aliniambia kamba ilikatika mara ya kwanza. Sikuthibitisha, ila alifurahi sana kunisimulia.

Mtaa wa Jenfeld kuna uwanja unaitwa Tansania-Park, tangu 2003. Jina zuri, eh? Mwanangu aliposikia alidhani kuna bembea. Nikampeleka. Kumbe ilikuwa kambi ya jeshi iliyoitwa kwa jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani kwetu katika vita hiyo, na ndani kuna bamba mbili kubwa za udongo wa kuchoma za 1939, enzi za Hitler, zimechongwa askari na wapagazi wetu watiifu chini ya Mjerumani. Geti lilikuwa limefungwa. Tukachungulia. Mtoto akaniuliza, "Mama, hawa ndio sisi?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa mtoto wangu hili si somo la historia. Shuleni anaulizwa kila mara anatoka wapi *hasa*. Akijibu Hamburg, wanasema hapana, hasa hasa. Mahali pekee mjini palipoandikwa jina la nchi ya mama yake kwa herufi kubwa ni nyuma ya geti lililofungwa. Nilimjibu: hawa ni watu wa kwetu waliochongwa na mtu asiyewajua. Sijui kama lilikuwa jibu zuri. Lilimtosha mpaka tulipofika kituo cha basi, akaanza kuulizia chakula.

Kwa hiyo mwalimu usiogope maswali ya huyo binti. Wewe angalau unaweza kuvuka barabara ukaigusa.

---

MgogoHalisi

Kwetu Dodoma vita hiyo haina sanamu, ina jina: Mtunya. Majeshi yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua vijana kuwa wapagazi, halafu mvua nayo ikagoma. Njaa ya 1917 mpaka 1920. Bibi yangu alikuwa akiona mtoto anamwaga uji anamwambia "wewe hukuona Mtunya". Yeye mwenyewe hakuiona, alizaliwa baadaye.

---

MwalimuWaUbungo

Wakuu, nimechelewa kurudi, ilikuwa wiki ya mitihani.

Baada ya kusoma hapa nilibadilisha zoezi. Niliwaambia kabla ya kadi kila mtu aende nyumbani akaulize: kuna mtu wa ukoo wetu aliyechukuliwa vita vya Wazungu, askari au mpagazi, upande wowote? Na anaitwa nani?

Kati ya 43, wengi walirudi mikono mitupu. Wengine walirudi na Vita vya Kagera, nikapokea pia, siwezi kumkatalia mtoto babu yake. Mmoja alileta Burma, ya Vita Kuu ya Pili. Wa vita ya 1914 walikuwa saba. Wanne na majina kamili, wawili na jina la utani tu, na mmoja ameleta "kaka yake bibi, jina limepotea". Baba wa yule binti wa Tabora alinipigia simu usiku, hakufurahi. Akasema mambo ya kumtumikia Mjerumani hawayaongelei mbele ya watoto, mimi nimeyafukua ya nini. Tukaongea karibu nusu saa. Mwishoni akanitajia jina mwenyewe, akasema niandike vizuri lina *n* mbili. Sijui kama amenisamehe.

Jina la mjomba nami nimeliandika, mstari wa nane, kwenye karatasi ya manila ukutani. Mdogo wangu nimempigia picha ile karatasi nikamtumia. Amejibu kwa neno moja: "Mimi?"

@MtiniSongea, kadi tatu zimeandika ing'olewe. Moja imeandika: "Samahani, tulikuwa tunakutumia kama kituo." Nimempa alama zote. Yule kabinti aliyeanzisha haya yote hakuandika sentensi. Amechora jiwe tupu halina mtu juu, na chini yake mistari ya kujaza, kama fomu ya shule: Jina. Kwao wapi. Alibeba nini. Nilimuuliza mtu mwenyewe yuko wapi, akasema ameshuka kuandika.

Sasa nina shida ya kiutendaji. Nataka tukasimame pale siku moja asubuhi, watoto wasome hayo majina kwa sauti, dakika kumi tu, hatubandiki kitu. Aliyewahi kuomba kibali cha jambo kama hilo katikati ya mzunguko anielekeze: ni jiji, ni mambo ya kale, au ni trafiki? Na ni saa ngapi foleni inakuwa nafuu?

---

MzeeWaGerezani

Jumapili, saa moja asubuhi. Nitakuja na kiti changu.